PUDINGI YA MKATE NA MCHUZI WAKE WA MOTO
Somo la wakati wa baridi



Mwezi wa 6 umefika, na kwetu Katanga kila mtu anajua maana yake. Mvua ilikwisha kuaga, mbingu haina wingu, mchana jua linawaka sawa kawaida, lakini likishuka tu, baridi inaingia mpaka ndani ya mifupa. Mji wa Lubumbashi uko juu, karibu metre 1.200 toka usawa wa bahari. Ndiyo sababu usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 kipimo cha joto kinashuka mara mingi chini ya digri 10. Na katika miezi hiyohiyo sisi wa mwaka wa mwisho tunakesha na madaftari, tukijitayarisha kwa Mtihani wa Leta. Vidole vinakufa ganzi, kalamu inaanguka, tumbo linalia.

Juma lililopita wadogo wetu wa interna walituuliza: "Bayaya, kule Ulaya baridi iko kali kupita yetu. Wao banafanya namna gani?" Swali ni zuri. Watu wa Ulaya wanavaa nguo nzito, wanapasha nyumba moto, tena wanakula chakula cha moto chenye kukaa tumboni. Kimoja cha vyakula vile ni pudingi, ambayo wanaimwangia mchuzi mtamu wa moto juu. Tumeifanya sisi wenyewe, na mbabula ya makala, na mkate uliobaki. Leo tunataka kuwafundisha, ili wakati wa livu mwende kuifanya nyumbani kwenu, mbele ya mama na wadogo wenu.

Tutaeleza pia kosa letu, sababu somo hili tulilinunua kwa bei ya aibu.

I. NENO HILI LINATOKA WAPI?

Neno pudingi ni la Waingereza. Zamani halikuwa jina la kitu kitamu. Walichukua matumbo ya mnyama aliyechinjwa, wakayasafisha, wakajaza ndani damu, mafuta na unga, wakafunga na kuchemsha. Hata leo kuko kwao pudingi nyeusi inayofanywa na damu. Lakini matumbo yanapatikana siku ya kuchinja tu. Mu karne ya 17 desturi ya kufunga pudingi ndani ya kitambaa ilienea. Unapaka kitambaa unga, unafunga chakula ndani kama mpira, unatia mu maji yanayochemka. Tangu hapo mama wa nyumba aliweza kupika pudingi siku yoyote, hata pasipo kuchinja. Nyuma yake bakuli likachukua nafasi ya kitambaa, na sukari na matunda makavu yakachukua nafasi ya damu.

Juu ya nini walichemsha, hawakuchoma? Jibu ni rahisi: nyumba nyingi za maskini hazikuwa na furu. Kulikuwa moto mmoja na chungu kimoja. Hapo tunaona kwamba maskini wa Uingereza wa zamani na sisi wenye mbabula tunafanana kuliko tunavyofikiri.

Chakula hiki ni cha wakati wao wa baridi, toka mwezi wa 12 mpaka wa 2. Mu London, katikati ya mwezi wa 12, jua linazama mbele ya saa 10 ya alasiri, ndiyo saa 16 kwa hesabu ya Kifaransa. Watoto wanatoka masomo, giza linakaribia kuingia. Unaweza kuelewa namna gani bakuli lenye kutoa mvuke juu ya meza linafurahisha watu wa nyumba.

Wabelgiji nao wana pudingi yao. Mu Bruxelles wauza mikate wanauza mpaka leo kitu kinachoitwa bodding: mkate wa zamani, maziwa, mayai, sukari na zabibu kavu. Lakini ile wanaichoma mu furu, na mara mingi wanaikula imekwisha kupoa, wakiikata vipande kama keki. Yetu sisi tumechukua mkate wa Wabelgiji, tumechukua mvuke wa Waingereza, na moto ni wa makala ya kwetu.

II. HABARI YA KOSA LETU

Mwaka uliopita tulikuwa bado hatujafika mwaka wa mwisho, lakini tulikuwa tumekwisha kuchaguliwa kuwa makapita wa wanafunzi. Tukaamua kuwafanyia wakubwa wetu karamu ndogo mbele ya mtihani wao. Kila mwanafunzi alitoa mchango, hata wadogo kabisa, na mayai 20 yakanunuliwa. Pudingi yenyewe mama mpishi wa shule aliitayarisha. Mchuzi tulisema tutaufanya sisi, sababu tulisoma kemia na tulifikiri tunajua.

Mchuzi ule ulikuwa wa mayai matupu, maziwa na sukari. Mama mpishi alitutazama, akasema: "Moto kidogo, batoto. Muchuzi ya mayai haipendi haraka."

Tulimjibu: "Mama, tunajua."

Hatukujua. Wakubwa walikuwa wamekwisha kuketi mu refektware, wanapiga vijiko juu ya meza. Tukajaza makala mu mbabula, tukapepea na kifuniko cha sufuria mpaka makala yakawa mekundu, tukamwanga mayai 12 ndani ya maziwa yaliyokuwa yanachemka. Dakika mbili tu. Mchuzi ukakatika. Vipande vidogo vya yai vikaelea mu maji ya manjano, sawa maziwa yaliyoharibika. Tukakoroga kwa nguvu, na ikazidi kuwa mbaya.

Prefe wa shule alikuja kuuliza juu ya nini tunakawia. Mmoja wetu akasema: "Mayai tuliyopewa jikoni yalikuwa ya zamani." Sisi wengine tulinyamaza. Kunyamaza kwetu kulikuwa sahihi yetu chini ya ule uongo. Mama mpishi alikuwa amesimama karibu na mlango, alisikia yote. Hakusema neno. Wakubwa walikula pudingi kavu, na wengine walitoka wakisema eti jikoni ya shule inaharibu michango ya watoto.

Asubuhi, mbele ya kengele, mama alituita. Juu ya meza kulikuwa beseni yenye maji baridi, na kando yake mayai 8 yaliyobaki. Akasema: "Mwanangu, tia moja." Tukatia. Likazama mpaka chini, likalala ubavu. "Tia ingine." Likazama. Yote 8 yalizama na kulala.

Ndugu wasomaji, mjue jambo hili: ganda la yai lina matundu madogo sana. Siku zikipita, maji ya ndani yanatoka kidogo kidogo na hewa inaingia pahali pake. Yai jipya linazama na kulala. Yai la siku mingi linasimama. Yai la zamani sana linaelea. Kila mtu anaweza kulipima hivi bila kulivunja.

Mama akasema maneno haya tu: "Mayai yangu iko muzima. Ni moto yenu njo ilikuwa mubaya."

Siku ile, nyuma ya sala ya asubuhi na mbele ya chai, tuliomba ruhusa kusema. Tulisimama mbele ya wanafunzi wote, tukaeleza kwamba mayai yalikuwa mazuri, mama hakukosa, kosa lilikuwa la haraka yetu, na tena tulikuwa tumesema uongo. Miguu ilitetemeka, na siyo juu ya baridi. Prefe alitupa malipo ya kuosha sufuria za jikoni muda wa majuma mawili. Ni katika majuma yale mawili mama mpishi alitufundisha yote yanayofuata hapa. Hakutukumbusha kosa hata mara moja.

III. VITU VINAVYOTAKIWA

Hesabu hii inatosha watu 8 nyumbani.

Kwa pudingi:
– mkate wa siku mbili ao tatu, gramu 300;
– maziwa, desilita 6 (ukiwa na maziwa ya unga, gramu 75 ndani ya maji ya desilita 6);
– sukari, gramu 100;
– siagi ao margarini, gramu 40;
– mayai mazima 2, na ute wa mayai mengine 2;
– chumvi kidogo, kiasi cha kushika na vidole viwili;
– konzi moja ya zabibu kavu; zikikosekana, ndizi mbili zilizoiva sana, zilizokatwa ndogo;
– ganda la limau lililokunwa, sehemu ya manjano tu, sababu ile nyeupe ni chungu.

Kwa mchuzi:
– maziwa, nusu litre;
– sukari, gramu 60;
– maizena, gramu 20, ndiyo vijiko viwili vya mezani visivyojaa sana;
– viini vya yale mayai 2 ambayo ute wake ulikwenda mu pudingi;
– chumvi kidogo na siagi kiasi cha kijiko cha chai.

Vyombo: bakuli la chuma lenye kuingiza litre 2, sufuria kubwa yenye kifuniko ambamo bakuli linaingia, sufuria ndogo, uma, kijiko cha mti, na kamba.

Angalisho juu ya mkate: mkate mgumu ni mzuri, lakini mkate wenye ukungu tupa wote. Wengine wanakata pale penye kijani na kula pengine. Wanakosea, sababu mkate ni laini ndani, na nyuzi za ukungu zinapita mpaka pahali macho hayaoni.

IV. KAZI YA PUDINGI

1. Vunja mkate vipande vidogo. Sehemu zilizoungua ziondoe. Pasha maziwa moto pamoja na sukari na siagi mpaka siagi iyeyuke, yasichemke. Mwanga juu ya mkate, funika, acha nusu saa.

Juu ya nini mkate wa zamani? Wengi wanafikiri mkate unakuwa mgumu sababu maji yamekauka tu. Siyo hilo peke yake. Wanga uliopikwa ndani ya mkate unarudi kujipanga na kukazana kadiri siku zinavyopita. Mkate uliokazana hivi unakunywa maziwa mingi na bado unashikamana. Mkate mpya ungegeuka kuwa uji. Kwa hiyo kitu tulichokiita kimekufa, kwa kazi hii ndicho chenye nguvu.

2. Ponda mkate na uma, lakini usiusage kabisa. Vipande vidogo vibaki.

3. Vunja kila yai kwanza ndani ya kopo, pekee yake. Moja likiwa baya, haliharibu mengine. Piga mayai 2 na ule ute mpaka vichanganyike. Mbele ya kuyatia mu mkate, ingiza kidole safi ndani: ukiweza kuhesabu mpaka 10 bila kuumia, joto ni la kufaa. Kisha tia mayai, chumvi, matunda na ganda la limau. Koroga.

4. Paka bakuli siagi. Jaza robo tatu tu, sababu pudingi itavimba. Funika na kifuniko chake, ao na karatasi iliyopakwa siagi, ao na jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto ili lilegee. Funga na kamba.

5. Ndani ya sufuria kubwa weka sahani ndogo iliyogeuzwa, ao mawe matatu yaliyooshwa, ili bakuli lisiguse chini. Weka bakuli. Mwanga maji yanayochemka mpaka nusu ya urefu wa bakuli. Funika sufuria. Acha ichemke pole pole saa moja na nusu. Maji yakipunguka, ongeza ya moto, siyo ya baridi.

Hii njia Wafaransa wanaiita bain-marie. Faida yake ni hii: chuma kilichoguswa na makala kinaweza kupata mamia ya digri, lakini maji hayawezi. Kwa usawa wa bahari maji yanachemka kwa digri 100, na hapa kwetu juu yanachemka kwa digri 96 hivi. Ukiongeza makala, maji yanakuwa mvuke mwingi, hayapati moto zaidi. Maji yanasimama kati ya yai na moto, kama mkubwa mwenye akili kati ya watu wawili wenye kugombana. Hatukuwa na mkubwa kama huyo usiku wa kosa letu.

6. Ingiza kisu katikati. Kikitoka safi, imeiva. Kikitoka na maziwa, rudisha robo saa. Toa bakuli, acha lipumzike dakika 10, pitisha kisu pembenipembeni, geuza juu ya sahani kubwa. Ukigeuza mara moja bila kupumzika, itavunjika.

V. KAZI YA MCHUZI

Hapa sikilizeni sana, ni pahali tulipoanguka.

Yai likipata joto linakaza. Ute unaanza kukaza kwa digri 60 na kidogo, kiini kwa digri 65 mpaka 70. Ukichanganya mayai na maziwa na sukari, unapata nafasi kidogo zaidi, mpaka karibu digri 80. Hapo mchuzi unakuwa mzito na mzuri. Ukipita digri 85, yai linakazana lenyewe na kusukuma maji nje. Ndiyo kukatika. Basi kati ya mchuzi mzuri na mchuzi uliokufa kuko digri chache tu, na mbabula yetu haina kipimo.

Mama mpishi alituonyesha njia iliyo salama: kutia wanga, ndiyo maizena. Wanga unavimba, unafanya mchuzi mzito, tena unazuia yai lisikazane haraka. Mchuzi wa yai wenye wanga unaweza kuchemka na usikatike.

1. Koroga maizena na vijiko vitano vya maziwa baridi mpaka vidonge viishe. Maizena ikitiwa moja kwa moja mu maziwa ya moto, inafanya vidonge ambavyo havitaisha. Tia viini 2 na sukari, koroga tena.

2. Pasha maziwa yanayobaki mpaka yaanze kutoa mvuke. Ondoa sufuria juu ya moto.

3. Mwanga kijiko kimoja cha maziwa ya moto ndani ya viini, koroga. Kijiko cha pili, koroga. Endelea mpaka vijiko 6 ao 7. Namna hii yai linazoea joto kidogo kidogo. Sisi tulilitupa lote ndani ya moto mara moja.

4. Sasa rudisha yote mu sufuria. Punguza makala, yabaki machache. Koroga bila kuacha, ukipitisha kijiko cha mti mpaka chini na pembeni. Usiite mtu, usiitike mtu.

5. Mchuzi ukiwa mzito na kuanza kutoa mapovu makubwa, hesabu dakika moja nzima huku ukikoroga, kisha ondoa. Ile dakika ni ya lazima. Ndani ya kiini cha yai kuko kitu kinachokula wanga. Kisipouawa na joto, mchuzi uliokuwa mzito jioni unarudi kuwa maji nyuma ya muda. Tia chumvi na siagi, koroga mara ya mwisho.

Mayai yakikosekana kabisa, usihuzunike. Mu Birmingham, mwaka wa 1837, Alfred Bird, mtu wa duka la dawa, alifanya unga wa mchuzi huu pasipo yai hata moja, sababu bibi yake hakuweza kula mayai bila kuugua. Alitumia wanga wa mahindi. Hata leo nyumba nyingi za Uingereza zinaufanya mchuzi kwa unga wa namna ile. Basi fanya na maizena gramu 30 pahali pa 20, na ganda kidogo la limau kwa harufu. Unga wa bukari haufai hapa, unabaki na chembechembe. Unga wa ngano unafaa, gramu 40, lakini uuchemshe dakika 5 ili uache ladha ya ubichi.

Kata pudingi ingali moto, mwanga mchuzi juu, gawanya. Anza na wadogo.

VI. ANGALISHO KUBWA JUU YA MBABULA

Kazi hii yote ifanyike nje, ao barazani, ao jikoni penye mlango na madirisha wazi. Nyuma ya kupika, makala yanabaki mekundu, na wakati wa baridi mtu anajaribiwa kuingiza mbabula mu chumba cha kulala na kufunga mlango. Mwaka uliopita wadogo wawili walikuja kutuomba mbabula yetu kwa sababu hiyohiyo. Tulikataa, wakanuna. Tunataka wote wajue sababu.

Makala yanayoungua yanatoa hewa ya sumu, jina lake monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haiumi macho kama moshi. Inaingia mu damu na kushika pahali pa hewa nzuri. Mtu anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, usingizi mzito. Akiwa amekwisha kulala, anaweza kufa pasipo kuamka. Kusema "makala hayatoi moshi tena" siyo dawa, sababu sumu hii haionekani kwa moshi. Mtu akisikia dalili hizi, atoke nje mara moja kwenye hewa, na apelekwe kwa muganga wa hospitali. Joto la kulala nalo litoke tumboni na mu blanketi. Mbabula ibaki nje, na makala yamwagiwe maji.

VII. NENO KWA WAVULANA, NA NENO KWA WOTE

Wavulana wengine wanasema eti jikoni ni pahali pa dada zetu. Tulisema vile sisi pia, mpaka tulipoosha sufuria majuma mawili. Mama mpishi anapima, anahesabu saa, anajua joto bila kipimo, anajua kemia ambayo sisi tuliikariri tu. Anayedharau kazi asiyoiweza anajionyesha mwenyewe.

Tena mtazame ndoo ya jikoni yetu kila jioni. Mingi ni mkate mgumu. Hata wakati wa ile mikate mitano na samaki wawili, makombo yalikusanywa, hayakuachwa chini. Tangu mwezi wa 5 tumewekwa kikapu karibu na mlango wa refektware. Kila mmoja aweke humo mkate wake uliobaki, safi, haujalowana na mchuzi wa sombe. Siku ya posho tutahesabu, na jumamosi jioni makapita watapika pamoja na mama.

Mwaka huu ni sisi tunaokaa upande wa meza ya wakubwa. Kufanya mchuzi wa jumamosi ya mwisho mbele ya mtihani ni kazi ya makapita wapya. Tumewaambia jambo moja: ukikatika, semeni umekatika mkononi mwenu. Tutakula pudingi kavu na tutasema asante.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Juu ya nini mkate wa siku tatu unafaa kupita mkate wa leo?
2. Namna gani unajua yai ni jipya bila kulivunja? Eleza sababu.
3. Ukiongeza makala chini ya sufuria ya maji yanayochemka, joto la maji linapanda? Kwetu maji yanachemka kwa digri ngapi?
4. Taja mambo mawili ambayo wanga unafanya ndani ya mchuzi wa mayai. Dakika moja ya kuchemsha ni ya nini?
5. Mdogo wako anataka kulala na mbabula mu chumba. Utamwambia nini?
6. Mwenzako alisema uongo mbele yako, nawe ulinyamaza. Nani amesema uongo?

Swali la 6 halina jibu mu kitabu cha kemia. Lakini ndilo lililotukawisha sisi usiku mzima pasipo usingizi, kupita baridi.

Tunawatakia wote afya njema, na wenzetu wa mwaka wa mwisho mtihani mwema. Mama mpishi amesoma karatasi hii mbele ya kupitishwa mu mashini. Alisahihisha kiasi cha chumvi, kingine aliacha vile kilivyo.

Makapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho